Fataki Inapotoboka: Namna ya Kutafuta Chanzo kwa Anayejijazia Risasi za Shotigani

Mtu anayejijazia risasi za shotigani hukutana na hitilafu nyingi ndogo ndogo, na nyingi kati yake huisha kwa kukaza au kulegeza skrubu moja ya mashine. Fataki iliyotoboka haimo katika kundi hilo; fataki ni kile kikombe kidogo kilicho kwenye kitako cha risasi, kinachogongwa na pini ya bunduki ili kuwasha baruti. Ukiokota ganda lililokwisha kufyatuliwa ukakuta pana tundu jeusi katikati ya mbonyeo ulioachwa na pini, ujue kwamba gesi ya moto iliyopaswa kwenda mbele ndani ya mtutu imepata njia ya kurudi nyuma, upande ulipo uso wako. Mwongozo huu unaeleza namna ya kutafuta chanzo hatua kwa hatua, kwa sababu wengi wetu tukiona tundu hilo hukimbilia kupunguza baruti, na kwa shotigani mara nyingi sipo penye tatizo.

Ninaandika nikiwa Minnesota, Marekani, ambako ninalenga visahani vinavyorushwa hewani karibu kila wikendi na ambako mtu anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kujijazia risasi za matumizi yake mwenyewe bila leseni ya kiwanda. Msomaji aliyeko Tanzania au Kenya asiyachukue maelezo haya kama ruhusa, kwani huko kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai, hata kama bunduki yenyewe inamilikiwa kihalali. Lakini anayetumia risasi za dukani anaweza kufaidika na sehemu inayohusu pini, kwa kuwa pini mbovu haijali risasi imejazwa na nani.

Kilichomo ndani ya fataki

Shotigani nyingi za leo, kuanzia geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) hadi ile nyembamba ya .410, hutumia fataki ya umbo moja inayojulikana kwa namba 209. Fataki hii huja na kikombe chake cha nje chenye ukingo. Ndani yake mna kikombe kidogo cha chuma laini kilichobeba kemikali ya kulipuka, na mbele ya kemikali hiyo kuna kipande cha chuma kinachofanya kazi ya fuawe. Pini ikigonga, kikombe kidogo hubonyea, kemikali hubanwa kwenye fuawe, hulipuka, na moto hupita kwenye tundu la mbele kwenda kuwasha baruti.

Hapo pini imemaliza nusu tu ya kazi yake. Baruti ikishawaka, gesi husukuma kila upande, na kile chuma chembamba kilichobonyea huhitaji kitu cha kuegemea. Katikati kinaegemea ncha ya pini, na pembeni kinaegemea uso wa chuma unaoziba kitako cha ganda, ambao katika maelezo haya nitauita ukuta wa nyuma. Ncha ya pini ikiwa na kingo kali, itakikata chuma hicho kama kisu. Ikirudi nyuma kabla ya wakati kwa sababu springi imechoka, chuma kitakosa egemeo, na kipande cha duara kitakatika na kurushwa ndani ya tundu la pini. Na tundu hilo likiwa limepanuka kwa kuliwa na gesi za miaka mingi, chuma kitavimba kuelekea penye nafasi mpaka kipasuke.

Kwa nini fataki ya shotigani haipimi presha

Waliojifunza kazi hii kwenye raifo wamezoea kutazama fataki kama daktari anavyotazama ulimi wa mgonjwa: ikiwa bapa, presha imepanda, ikitoboka, imepita kiasi. Kwenye raifo jambo hilo lina mantiki yake, kwa sababu .30-06, kwa mfano, ina kikomo cha psi 60,000 (psi ni paundi za nguvu kwa inchi ya mraba) kwa viwango vya SAAMI, taasisi inayoweka vipimo vya risasi kwa viwanda vya Marekani. Kwa viwango hivyohivyo, geji 12 ya inchi 2¾ au inchi 3 ina kikomo cha psi 11,500, na geji 20 ina kikomo cha psi 12,000. Hata .410 ya inchi 3, ambayo inabana gesi nyingi kwenye mtutu mwembamba, haipaswi kuvuka psi 13,500. Hizo ni presha ndogo kwa kikombe cha fataki, na si rahisi kukitoboa kwa nguvu ya gesi peke yake iwapo pini na ukuta wa nyuma ni vizima.

Kwa hiyo tundu kwenye fataki si ushahidi kwamba umezidisha baruti. Kinyume chake ndicho kinachonitia hofu zaidi: fataki safi, laini, isiyo na dosari, si ushahidi kwamba hujazidisha. Shotigani inaweza kuwa imevuka kikomo chake kwa psi elfu kadhaa na fataki ikabaki inapendeza machoni. Presha ya risasi hizi hupimwa maabara kwa mtutu maalumu, na sisi wa mezani hatuna njia nyingine isipokuwa kufuata jedwali lililochapishwa na watengenezaji wa baruti, kipande kwa kipande, bila kubadilisha hata kimoja.

Pale uwanjani, kabla ya yote

Mlio ukiwa wa kawaida lakini ukahisi pumzi ya moto au chembe usoni, acha kufyatua. Mlio ukiwa hafifu, ule wa “puf” ambao kila mlengaji anaujua, elekeza mtutu mbele, subiri kama nusu dakika, kisha fungua bunduki na uondoe ganda. Baada ya hapo chungulia mtutu kutoka nyuma hadi uone mwanga upande wa pili. Fataki iliyovujisha gesi nyingi inaweza kuwa imewasha baruti vibaya, na kile kikombe cha plastiki kinachobeba marisawa, yaani punje za risasi, kikabaki kimekwama katikati ya mtutu. Anayepakia risasi nyingine juu yake anapasua mtutu, na vidole vya mkono wa mbele ndivyo vinavyokuwa karibu zaidi. Ufito wa kusafishia hauna uzito wowote mkobani. Uwe nao kila unapotoka.

Miwani sitaijadili kwa kirefu. Anayefyatua risasi alizojaza mwenyewe bila miwani yenye kinga za pembeni hajaisoma aya iliyotangulia.

Soma kitako cha ganda

Chukua kioo cha kukuzia na uangalie kitako cha ganda penye mwanga mzuri, kwa sababu si kila weusi unatokana na fataki kutoboka. Fataki iliyotoboka ina tundu ndani ya mbonyeo wenyewe, mara nyingi likiwa na kingo zilizoungua, na masizi yake huanzia katikati kwenda nje. Fataki iliyovuja pembeni haina tundu lolote. Masizi yake ni pete inayozunguka ukingo wa kikombe cha nje, na chanzo chake ni shimo la fataki kwenye ganda kuwa limelegea. Ipo pia fataki yenye mkwaruzo mrefu unaotoka kwenye mbonyeo kuelekea upande mmoja. Hiyo huonekana kwenye bunduki za kukunja pale pini inapochelewa kurudi na kuburutwa wakati unafungua, na chuma kinaweza kuchanika hapo. Hizi ni hitilafu tatu zenye tiba tatu, na anayezichanganya atabadilisha fataki kwa miezi mitatu wakati kinachohitaji kubadilishwa ni ganda.

Kuhusu ile ya pembeni nitasema mara moja na kuiacha. Fataki za Cheddite zina kipenyo kikubwa kidogo kuliko za Winchester au Remington, na ganda lililowahi kuwekewa Cheddite shimo lake hutanuka. Ukirudi baadaye kwenye fataki nyembamba, inaingia bila kukataa na gesi inapita pembeni. Ukisikia fataki inaingia kwa kidole gumba badala ya kuhitaji nguvu ya mkono wa mashine, tupa ganda hilo.

Je, ni bunduki au ni risasi?

Sasa tuirudie fataki yenye tundu katikati. Swali la kwanza linajibiwa kwa kalamu ya wino usiofutika na subira kidogo. Nunua boksi moja la risasi za kiwandani zenye uzito wa kawaida wa kulenga visahani. Kama bunduki ina mitutu miwili, fyatua kumi kwa mtutu wa chini na kumi kwa mtutu wa juu, ukiandika C au J kwenye kila ganda mara tu linapotoka. Fanya vivyo hivyo kwa risasi zako. Kama una rafiki mwenye bunduki nzima ya geji hiyohiyo, na umehakikisha kwamba mchanganyiko wako umo kwenye jedwali, mwombe afyatue chache za kwako.

Matokeo hujieleza. Fataki za kiwandani zikitoboka nazo, chanzo ni bunduki. Mtutu mmoja ukitoboa na mwingine usitoboe kwa risasi zilezile, chanzo ni bunduki, kwa kuwa kila mtutu una pini yake. Risasi zako zikitoboka katika bunduki mbili tofauti na za kiwandani zisitoboke katika yoyote, rudi mezani kwako. Kuna jibu la nne linalokera: za kiwandani hazitoboki, za kwako hutoboka katika bunduki yako tu. Hapo mara nyingi pini imeanza kuharibika, na fataki ulizonunua zina kikombe laini kuliko za kiwanda, hivyo udhaifu wa mmoja unaufichua wa mwingine. Anza na pini.

Pini, mshukiwa wa kwanza

Majira ya baridi mawili yaliyopita bunduki yangu ya mitutu iliyopandana ilianza kutoboa fataki moja katika kila boksi au maboksi mawili, daima kwenye mtutu wa chini. Nililaumu fataki. Nikabadilisha shehena, yaani kundi la fataki lililotoka kiwandani pamoja, ikatulia kwa wiki mbili, ikaanza tena. Mzee mmoja wa klabu, fundi bunduki aliyestaafu, alinitazama nikilalamika, akaniuliza swali moja: “Mtutu wa juu umeutumia lini mara ya mwisho?” Katika mchezo wa kisahani kimoja kimoja tunafyatua wa chini peke yake, kwa hiyo pini yangu ya chini ilikuwa imegonga maelfu ya mara wakati mwenzake amelala. Tulipozitoa na kuziweka juu ya kitambaa cheupe, tofauti ilionekana hata bila kioo. Ya juu ilikuwa na ncha ya duara inayong’aa kama kichwa cha pini ya kushonea. Ya chini ilikuwa ya kijivu, na ubavuni mwa ncha palikuwa na kishimo mithili ya jino lililotoboka, chenye ukingo uliokwaruza ukucha nilipoupitisha.

Kishimo hicho ndicho kiini cha ugonjwa, na hujizalisha chenyewe. Fataki moja ikitoboka kwa sababu yoyote ile, mkondo wa gesi hupita kwenye ncha ya pini na kuila chuma. Ncha iliyoliwa ina kingo, kingo hukata fataki inayofuata, gesi hupita tena, na kishimo kinaongezeka. Ndiyo maana anayesema “zimetoboka mbili tu, nitaangalia mwisho wa msimu” hujikuta mwisho wa msimu ana pini mbovu pamoja na tundu la ukuta wa nyuma lililopanuka, na gharama ya hilo la pili si ndogo.

Kuikagua, hakikisha kwanza bunduki haina risasi, kisha toa pini kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji, au mpe fundi kama muundo wake ni mgumu. Pitisha ncha juu ya ukucha wa kidole gumba. Ikikwaruza, ina kasoro. Izungushe kwenye pamba. Ikishika nyuzi, ina kasoro. Angalia umbo: linatakiwa liwe nusu duara laini, lisiwe limechongoka wala kuwa bapa lenye kingo. Wapo wanaoisugua kwa jiwe laini la mafuta na kuirudisha. Mimi siwashauri. Ukiondoa chuma kidogo tu, pini inakuwa fupi na inaanza kugonga kwa udhaifu, na ukiisugua vibaya unaongeza ukali uliotaka kuuondoa. Pini mpya ya bunduki inayojulikana si kitu cha gharama kubwa, na mlengaji anayefyatua sana aihesabu kama tairi la gari, kitu kinachoisha.

Unapokuwa na pini mkononi, usiiache springi yake. Springi ya kurudisha iliyovunjika au iliyosinyaa huacha pini imechomoza, na hilo linaeleza ile mikwaruzo ya kuburutwa. Safisha pia njia inayopitia pini. Katika baridi ya Minnesota mafuta mazito hugandamana humo na kuifanya pini iwe mvivu wa kwenda na wa kurudi. Ninaikausha na kuacha mafuta kiasi cha kung’arisha tu. Mwisho, tazama tundu la pini kwenye ukuta wa nyuma. Likiwa na kingo zilizoliwa au pete ya vishimo kulizunguka, pini mpya haitatosha, na kazi hiyo ni ya fundi bunduki mwenye vifaa vya kuweka bushi mpya.

Kama bunduki ni nzima

Sasa mashine ya kujazia. Chukua risasi tano kutoka kwenye shehena yenye matatizo, zifungue kwa kukata mdomo uliokunjwa, na upime baruti ya kila moja kwenye mizani. Usiiamini namba iliyochapishwa kwenye kipimo cha baruti cha mashine, iwe ya MEC au nyingine yoyote: namba hiyo ni makadirio, na baruti ileile hushuka kwa wingi tofauti kulingana na mtikisiko wa meza na kasi ya mkono wako. Linganisha na jedwali kwa greni, si kwa gramu za kukisia. Greni moja ni takriban gramu 0.065, na nafasi ya kosa ni nyembamba kuliko inavyoonekana.

Linganisha pia kila kipande kingine: aina ya ganda, jina la fataki, kikombe cha marisawa, uzito wa marisawa. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni la mtu aliyekosa fataki iliyoandikwa kwenye jedwali akatumia iliyokuwepo dukani, kwa hoja kwamba zote ni 209. Umbo ni moja, nguvu si moja. Federal 209A ina moto mkali kuliko nyingi, na kuiweka mahali pa fataki ya upole kunaweza kupandisha presha kwa zaidi ya psi 2,000 katika baadhi ya michanganyiko, bila baruti kuongezwa hata chembe. Kwa mchanganyiko uliokuwa tayari karibu na kikomo, hapo umeshavuka. Ikiwa umegundua kosa la namna hii, acha kutafuta kwingine na usifyatue hata moja iliyobaki.

Baada ya hapo angalia namna fataki zilivyokaa. Weka rula ya chuma juu ya kitako cha ganda: fataki inatakiwa iwe sawasawa na kitako. Iliyochomoza ni hatari kwa njia mbili, kwani huletea pini pigo lenye kina kisicho cha kawaida, na katika bunduki inayojipakia yenyewe inaweza kuwaka wakati bunduki inajifunga, kabla ya kidole kugusa kifyatulio. Fataki iliyochomoza kwenye risasi iliyokwisha kujazwa isisukumwe ndani kwa mashine wala kwa kitu kingine chochote. Ukikuta fataki iliyobonyezwa kwa nguvu hadi kikombe chake cha nje kimepinda, punguza urefu wa msukumo wa mashine kabla ya kujaza nyingine.

Linalobaki ni fataki zenyewe. Hutokea, ingawa si mara nyingi kama tunavyopenda kuamini, shehena ikatoka na vikombe vyembamba. Namba ya shehena imechapishwa kwenye boksi, na ndiyo sababu ya kutozimimina fataki kwenye kopo. Ukizimimina, umepoteza ushahidi, na isitoshe fataki mia zilizolala pamoja zinaweza kulipuka zote kwa moja. Jaza risasi kumi kwa shehena nyingine ya fataki hiyohiyo, bila kubadilisha kitu kingine. Zikiwa salama kwenye pini mpya, mwandikie mtengenezaji ukimpa namba ya shehena na picha ya vitako.

Za shehena mbaya zilizokwisha jazwa, zifungue moja moja kwa kukata mdomo, rudisha marisawa kwenye chombo chake, na uimwage baruti. Usiirudishe kwenye kopo lake kama una shaka hata kidogo kuhusu ni ipi. Ganda linabaki na fataki hai, na wanaodhani kuloweka kwenye mafuta kunaiua wanajidanganya, kwani nyingi hubaki na uhai. Ziweke kando, zikiwa na lebo, hadi fundi au klabu wakuelekeze namna ya kuziteketeza. Osha mikono kabla ya kula, kwa sababu kemikali ya fataki nyingi ina madini ya risasi, kama yalivyo marisawa yenyewe.

Baada ya matengenezo mimi hufyatua duru moja ya risasi 25, nikaokota maganda yote 25, nikayapanga kwenye boksi kwa mpangilio nilivyoyafyatua na kuyatazama kwa kioo jioni. Ile pini yangu ya chini ilibadilishwa mwezi wa tatu. Tarehe nimeiandika kwa kalamu ndani ya kifuniko cha mkoba wa bunduki, pamoja na idadi ya risasi tangu siku hiyo, na nikifika elfu kumi nitaitoa niitazame, iwe imetoboa au haijatoboa.